Mbawakawa Waliokataa Kupigana

Mbawakawa walikataa kupigana. Ilikuwa mwaka 1910, katika mji wa Kaunas, ambao leo uko Lithuania lakini wakati ule ulikuwa chini ya Tsar wa Urusi na uliitwa Kovno. Kijana mmoja mpenda wadudu, aliyekuwa akifanya kazi na makumbusho ya mji huo, alitaka kupiga filamu ya madume wawili wa mbawakawa wakimgombea jike. Si mbawakawa wadogo wanaogonga balbu zetu usiku wa mvua. Hawa ni wale wakubwa wa Ulaya, wenye taya ndefu zilizochanua kama pembe za kulungu. Dume humnyanyua mwenzake kwa taya hizo na kumbwaga chini kama mwanamieleka.

Shida ilikuwa taa. Mbawakawa hao hufanya mambo yao giza likiingia, na kamera ya mwaka 1910 haikuona kitu bila mwanga mkali. Taa ikiwashwa, wapiganaji wanaganda. Ikizimwa, wanapigana vizuri tu, lakini kamera haioni kitu. Akajaribu tena na tena, na wadudu wakamfia.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu mwingine angeliona la kichaa. Aliwachukua wale waliokufa, akawang'oa miguu na taya, kisha akavirudishia viungo hivyo kwa nta na waya mwembamba, ili kila kimoja kiweze kukunjwa na kubaki pale kilipowekwa. Alikuwa ameiona filamu fupi ya Mfaransa Émile Cohl ya mwaka 1908, ambamo njiti za kiberiti zinatembea zenyewe, na alijua siri yake: unapiga picha moja, unasogeza kitu kidogo, unapiga nyingine. Njiti zikiweza kutembea, kwa nini maiti ya mdudu isiweze? Filamu ilitoka ikiitwa kwa jina la kisayansi la mdudu mwenyewe, *Lucanus Cervus*. Ndani yake maiti wawili walipigana vizuri kuliko walivyowahi kupigana wakiwa hai mbele yake.

Kiswahili kimeuita ufundi huu uhuishaji, yaani kukitia uhai kitu. Kwa anayechora katuni neno hilo ni la mfano tu, maana mchoro haukuwahi kuwa hai wala kufa. Kwa kijana wa Kaunas lilikuwa na maana yake kamili.

Alizaliwa Moscow mwaka 1882, wazazi wake wakiwa Wapoland. Mama yake alifariki mapema, naye akalelewa Kaunas na babu na bibi. Kwa Kipoland aliitwa Władysław Starewicz, Warusi wakamwita Vladislav Starevich, na Wafaransa baadaye wakamwandika Ladislas Starewitch. Nitatumia jina hili la mwisho, kwa kuwa ndilo aliloishi nalo muda mrefu zaidi na ndilo lililobaki kwenye kazi zake kubwa. Mtu mwenye tahajia tatu za jina huwa ni mtu aliyevuka mipaka, na mara nyingi hakuivuka kwa hiari.

Mwaka 1911 alihamia Moscow kufanya kazi kwa Aleksandr Khanzhonkov, mmoja wa watu waliojenga biashara ya sinema Urusi. Mwaka uliofuata ikatoka hadithi ya Leukanida mrembo, dhihaka ya vita vya Troya ambamo Helena ni mbawakawa na majeshi yote ni wadudu wenye panga. Inasimuliwa kwamba huko Uingereza wapo walioandika kuwa msomi fulani wa Kirusi amefanikiwa kuwafunza wadudu kuigiza. Ni rahisi kuwacheka, ila tukumbuke kwamba watu wale hawakuwa wamezoea kuona kitu cha namna hiyo. Kati ya uwongo mbili, mdudu aliyefunzwa na mdudu aliyekufa lakini anatembea, wa kwanza ndio uliokuwa rahisi kuamini.

Mwaka huohuo wa 1912 akatoa *Kisasi cha Mpiga Kamera*, na hapa lazima nitue, kwa sababu sidhani kama amewahi kutengeneza kitu kikali kuliko hiki cha dakika zisizofika 15. Bwana Mbawakawa ana safari nyingi za mjini, "za kikazi". Kazi yenyewe ni kwenda kilabu kumtazama Kerengende, mcheza dansi. Kerengende ana mpenzi mwingine, Panzi, ambaye ni mpiga kamera. Bwana Mbawakawa anampiga Panzi na kuondoka na mwanamke. Panzi anawafuata hadi hotelini, anasimamisha kamera yake kwenye miguu yake mitatu, na kuwapiga picha kupitia tundu la ufunguo. Wakati huo Bibi Mbawakawa naye, huko nyumbani, amekaribisha mchoraji. Mume anarudi ghafla, mchoraji anatokea kwenye bomba la moshi, kunazuka ugomvi mkubwa. Kisha mume, kwa ukarimu wa mwenye dhambi, anamsamehe mkewe na kumpeleka sinema wapoze roho. Taa zinazimwa. Kwenye pazia anatokea yeye mwenyewe na Kerengende.

Mwendeshaji wa mashine ya sinema ni Panzi.

Bibi anampiga bwana kwa mwavuli, bwana anapasua pazia kwa mwili wake, mashine inashika moto, na mume na mke wanaishia jela pamoja. Filamu hii ina zaidi ya miaka 100, na bado inazungumzia jambo tulilonalo mfukoni kila siku: kamera iliyo mikononi mwa mtu mwenye kinyongo.

Kinachonishangaza zaidi ni ufundi wake. Mbawakawa hana uso. Hana nyusi za kukunja wala midomo ya kutabasamu, na jicho lake halifumbi. Mwongozaji aliyenyimwa uso inambidi hisia zote azitafute kwenye mwendo: jinsi mume anavyotembea akitoka kilabu, jinsi mke anavyopapasa akificha mambo, jinsi Panzi anavyokaza magongo ya kamera kama mtu anayenoa kisu. Ukitazama bila kujua, utaapa kwamba umeona sura ya Bwana Mbawakawa ikibadilika. Haikubadilika hata mara moja, wala isingeweza.

Miaka michache iliyofuata naipita haraka. Alitengeneza filamu za waigizaji wa kawaida, zikiwemo za hadithi za Gogol, na katika mojawapo, ya mwaka 1913, nyota Ivan Mozzhukhin alicheza shetani. Vita Kuu ilipoanza alirudi kwa wadudu na kutengeneza kisa cha uvamizi wa Ubelgiji, kilichotoka 1915. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Watu wa sinema wengi walikimbilia Yalta, pwani ya Bahari Nyeusi, ambako serikali mpya ilikuwa bado haijashika. Mwaka 1919 Lenin alitia saini amri ya kutaifisha sinema. Starewitch alikuwa na mke, Anna, na mabinti wawili, Irène na Jeanne. Kufikia 1920 familia hiyo ilikuwa Ufaransa.

Alikuwa na miaka 38. Lugha si yake, kampuni aliyoizoea haipo, na umaarufu aliouacha Urusi haukubadilishika kwa faranga. Wenzake wakimbizi walikusanyika katika studio moja ya Montreuil, kando ya Paris, na kwa muda alifanya kazi huko. Lakini baadaye alifanya uamuzi ulioyatawala maisha yake yote yaliyobaki: alihamishia sinema nyumbani. Kuanzia mwaka 1924 nyumba ya familia huko Fontenay-sous-Bois, mashariki ya Paris, ndiyo ilikuwa studio, karakana na ghala la vikaragosi. Hakutaka tena bosi.

Tunapenda kusimulia uamuzi wa namna hii kama ushindi wa msanii. Ulikuwa ushindi kweli. Ila uhuru huo ulikuwa na bei, na si yeye peke yake aliyeilipa. Anna alishona nguo za vikaragosi, nguo zenye vifungo na mikunjo ambazo zilipaswa kukaa sawasawa mwilini mwa kiumbe chenye urefu wa kiganja. Jeanne, aliyetumia jina la Nina Star, aliigiza akiwa mtoto katika filamu kadhaa za baba yake. Irène, mkubwa, aliyezaliwa 1907, aliingia kwenye kazi akiwa kijana na hakutoka. Aliandika hadithi pamoja na baba yake, akaongoza pamoja naye, akasimama naye chini ya taa kwa miaka na miaka. Jina lake lipo kwenye baadhi ya filamu. Lakini ukiuliza leo nani alitengeneza filamu hizo, utajibiwa jina moja la mwanamume mmoja, na hata mimi katika makala hii ndilo nililoanza nalo.

Filamu ya kwanza iliyovuma baada ya uhamisho huo wa nchi ilikuwa ya vyura wanaomlilia mungu Jupiter awape mfalme, iliyotoka 1922. Ni ngano ya zamani ya Esopo. Jupiter anawatupia gogo, wao wanalalamika kwamba mfalme huyu hafanyi kitu, basi anawaletea korongo, naye korongo anaanza kuwala. Mtu aliyekimbia mapinduzi akisimulia ngano hiyo miaka michache baada ya Tsar kuangushwa hahitaji kufafanua sana. Binafsi naiona ngumu kidogo kuipenda, kwa kuwa inadhani gogo lilikuwa halimuumizi mtu, na walioishi chini ya gogo la Urusi wangekuwa na la kusema.

Kufikia hapo wadudu walikuwa wamepungua kwenye kazi zake. Alianza kutengeneza wanyama wenye mifupa ya chuma na mbao na nyuso za ngozi laini, zinazoweza kuvutwa zikakunja kipaji au kuonyesha meno. Uso ulikuwa umerudi. Wengi huona hayo kuwa maendeleo. Mimi huwakumbuka mbawakawa.

Sasa tufike kwa mbweha. Renard ni mjanja wa ngano za Ulaya ya kale, ndugu wa kazi moja na Sungura wetu: mdogo, mwongo, mwenye njaa, na kila anayemshtaki huishia kuchekwa yeye. Anamdanganya mbwamwitu atumbukize mkia kwenye barafu avue samaki. Anamsifu kunguru aimbe ili jibini lidondoke. Simba, mfalme, anatoa amri wanyama wasilane, kisha anapeleka mjumbe mmoja baada ya mwingine kumkamata mbweha, na kila mjumbe anarudi na aibu yake. Mwishowe jeshi zima linaizingira ngome ya Renard na kushindwa. Mfalme anafanya kile ambacho wafalme hufanya wakichoka: anampa mbweha uwaziri.

Starewitch na Irène waliamua kuifanya hadithi hii filamu ndefu. Piga hesabu kidogo. Sinema yenye sauti huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Filamu ya dakika 65 ina fremu 93,600. Hata ukiacha kila mkao ubaki kwa fremu mbili, bado utavisogeza vikaragosi zaidi ya mara 46,000, na katika onyesho la mahakama ya simba si kikaragosi kimoja kilichopo mezani, ni umati. Kila mmoja ana mkia, ana masikio, ana macho yanayotakiwa kumtazama anayesema. Ukikosea fremu ya 200, unaweza kuanza upya. Upigaji picha ulichukua miezi kama 18, katika miaka ya 1929 na 1930.

Picha zilikuwa tayari mwaka 1930. Fikiria maana yake. Lotte Reiniger alikuwa ameshatoa filamu ndefu ya vivuli vya karatasi mjini Berlin mwaka 1926, lakini filamu ndefu ya vikaragosi vitupu, bila mwigizaji wa damu na nyama ndani yake, ilikuwa bado haijaonekana. *King Kong*, ambamo Willis O'Brien alimsogeza sokwe wake kwa fremu akiwa na studio nzima ya Hollywood nyuma yake, ingetoka 1933. Huko Urusi, Aleksandr Ptushko angetoa Gulliver wake mpya mwaka 1935. *Snow White* ya Walt Disney ingefika Desemba 1937. Watu wanne wa nyumba moja walikuwa wamewatangulia wote hao.

Kikawakwamisha kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na mikono yao. Sinema ilikuwa imeanza kusema. Filamu bubu haikuuzika tena, kwa hiyo mtayarishaji, Louis Nalpas, alitaka iwekwe sauti, na akachagua mfumo wa santuri: sauti iko kwenye sahani inayozungushwa kando ya mashine ya picha, na viwili hivyo vinatakiwa kwenda sambamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utepe ukikatika na kuungwa, fremu chache zikipotea, simba anafungua mdomo na sauti inayotoka ni ya mbuzi. Mfumo huo ulikuwa unakufa, na jaribio la kuutumia kwa Renard lilishindikana. Filamu ikawekwa kabatini.

Ikakaa huko miaka saba.

Aliyeitoa alikuwa Ufa, kampuni kubwa ya filamu ya Ujerumani, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya udhibiti wa Wanazi. Wajerumani walikuwa na sababu yao: Goethe aliwahi kuitunga hadithi hii upya kwa Kijerumani, kwa hiyo mbweha wa Kifaransa aligeuzwa kuwa wa kwao bila taabu. Walilipia sauti ya Kijerumani, na filamu ikazinduliwa Berlin mwezi Aprili 1937, kama miezi minane kabla ya *Snow White*. Toleo la Kifaransa lilionyeshwa Paris mwaka 1941, mji ukiwa mikononi mwa jeshi la Hitler.

Haifai kupita hapo kimyakimya. Mtu aliyeikimbia serikali moja ya kimabavu alipokea fedha kutoka kwa nyingine ili kazi yake ionekane. Ndani ya filamu hakuna hata chembe ya propaganda ya Wanazi. Kinyume chake, ni vigumu kutafuta hadithi inayodharau mamlaka kuliko hii: mfalme ni mzembe, mahakama ni kichekesho, tapeli anaishia kuwa waziri. Inawezekana wakaguzi wa Berlin waliona wanyama tu. Lakini fedha ilikuwa ya nani, ilikuwa ya nani, na bila fedha hiyo huenda tusingekuwa na filamu ya kuijadili. Naona haki kuyashika mambo hayo mawili pamoja bila kulazimisha moja lifute jingine.

Katika miaka ambayo mbweha alikuwa kabatini, familia haikukaa bure. Mwaka 1933 walitengeneza *Fétiche mascotte*. Mama mmoja fukara hushona wanasesere ili auze. Binti yake anaumwa na anaomba chungwa, na mama hana fedha ya chungwa. Chozi lake linaangukia ndani ya mbwa wa kitambaa anayeshonwa, na chozi hilo linakuwa moyo. Asubuhi mbwa yule anachukuliwa pamoja na wanasesere wengine kwenda kuuzwa, na tangu hapo hana wazo jingine ila chungwa. Analipata, na kulifikisha nyumbani inambidi apite usiku mzima kwenye karamu ya shetani, ambako taka zote za Paris zimefufuka: mifupa ya kuku, miiba ya samaki, karatasi, soksi zilizotupwa. Nadhani ni hapa tu ambapo Starewitch wa Kaunas na yule wa Fontenay wanakutana. Mbwa ana uso wa kuliza watu, na pembeni yake vitu vilivyokufa vinacheza dansi bila uso wowote. Terry Gilliam, mwongozaji aliyeanza na katuni za karatasi, aliitaja mwaka 2001 miongoni mwa filamu kumi bora za uhuishaji. Wes Anderson naye, akitengeneza mbweha wake wa mwaka 2009, alikiri kumtazama mbweha wa familia hii.

Mbwa huyo alipendwa, na filamu kadhaa juu yake zikafuata. Baada ya vita kazi zilitoka kwa nadra. Mojawapo, ya ua la kangaga la msituni linalotimiza ndoto, ilitoka 1949 na kutuzwa Venice. Anna alifariki 1956. Wakabaki baba na binti, meza, taa na kamera. Mjukuu wake na mumewe walianza katika miaka ya 1990 kukusanya na kuzirekebisha filamu hizo, na ni kwa sababu yao kwamba leo unaweza kumwona Renard akiwa na rangi yake kamili ya kijivu badala ya nakala iliyochakaa.

Mwanzoni mwa 1965 kazi iliyokuwa mezani ilihusu mbwa na paka. Starewitch, mwenye umri wa miaka 82, alifariki mwezi Februari, vikaragosi vikiwa bado kwenye mkao wa fremu inayofuata. Irène alikuwa na miaka 57, na alikuwa ameifanya kazi ile tangu ujana wake. Aliishi hadi 1992. Filamu ya mbwa na paka hakuimalizia.